Maji ya Betri za Uwanja wa Ndege

Kwa mtu ambaye hajauona, uwanja wa ndege wa Kitale ni malisho ya ng'ombe yaliyopandishwa cheo. Kuna nyasi, kuna soksi kubwa ya turubai juu ya mlingoti inayomwonyesha rubani upepo unakoelekea, na kuna kibanda cha mabati ambamo mzungu mmoja hushinda akizungumza na mawingu. Mawingu yakimjibu, ndege inashuka. Yasipomjibu, anatukana watu walio karibu, na aliyekuwa karibu kila siku ni baba yangu.

Baba ndiye aliyemwezesha huyo mzungu kuzungumza. Hivyo ndivyo alivyotueleza nyumbani kazi yake. Mzungu mwenyewe aliieleza kwa ufupi zaidi: alimwita "Betri". "Wewe Betri, kuja hapa." Na baba anakwenda. Nilipomuuliza kama jina hilo halimuudhi, alisema kuna watu katika Biblia walioitwa majina mabaya kuliko hilo na bado wakaingia mbinguni.

Redio ya kibandani haikutumia stima ya mjini, kwa sababu stima ya mjini iliishia kwenye nyumba za wazungu na haikuona haja ya kuwatembelea ng'ombe. Nyuma ya kibanda palikuwa na mashine ya petroli, nayo ilikuwa na tabia za mtoro wa shule: inafika asubuhi, inaitikia jina, halafu hujui imepotelea wapi. Kwa hiyo redio ilitegemea betri. Zilikuwa betri kubwa za kioo zilizopangwa juu ya ubao kama wanakwaya. Mashine ikiwa na nia njema inazijaza nguvu. Ikigoma, betri zinaendelea kuimba peke yao. Kazi ya baba ilikuwa kuangalia zisinyamaze. Alizipangusa, akazipima nguvu kwa kibomba cha kioo chenye kitu kinachoelea ndani, na juu ya yote akazinywesha maji. Asidi ilikuwa imemtoboa kila suruali isipokuwa ile ya kanisani, na hiyo aliivaa kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai.

Ndege ikiwa juu inauliza kama ng'ombe wameondolewa, halafu betri zikate, rubani atapata jibu lake kutoka kwa ng'ombe wenyewe. Ndiyo maana waliomtangulia baba katika kazi ile walifukuzwa kama mbwa walioingia jikoni, na nyumba ya kazi wakaihama kabla jua halijazama. Baba alikumbuka jambo hilo kila alipofunga mlango wa nyumba hiyo, maana tulikuwa tunaishi ndani yake, na shamba letu kule Bungoma lilikuwa limegawanywa kati ya baba wadogo na mawe.

Sasa, betri hazinywi maji kama wewe na mimi. Maji ya mto yana udongo, ya bomba yana chumvi, na ukizipa hayo zinakufa polepole kama mzee anayekataa kusema anaumwa wapi. Zinataka maji yaliyochemshwa mpaka yakawa mvuke, na ule mvuke ukapozwa ukarudi kuwa maji. Yalikuja kwa treni kutoka Nairobi, ndani ya dumu kubwa la kioo lililovishwa kikapu. Mzungu alipogundua kwamba wakata nyasi wananawia miguu maji hayo, alimwamuru baba alinde dumu yeye mwenyewe. Baba akalileta nyumbani, akaliweka chini ya kitanda chake. Likapata heshima ambayo sisi watoto hatujaipata mpaka leo.

Angenyamaza hapo, nisingekuwa na la kuandika. Lakini baba alikuwa shemasi, na shemasi akiwa na kitu kisafi hawezi kunyamaza. Kila jirani aliyeingia alionyeshwa dumu.

"Maji haya," anasema, "ni safi kuliko maji yote ya wilaya hii. Hata malaika akiyachungulia haoni kitu."

Mama alikuwa akisikia, na mama hasahau.

Ikafika Januari, likizo yetu ya shule ikiwa karibu kwisha, na kiangazi kimebana. Chemchemi tuliyoteka ilikuwa imegeuka uji wa wimbi. Ndipo wageni wakatujia kutoka Sirisia, wazee na mashangazi kibao, kuja kumsemea kijana wao kwa dada yangu. Baba alikuwa kazini. Mama alitazama ndoo ya maji ya kahawia, akatazama wakwe watarajiwa waliokaa wamenyoosha shingo, akaniambia, "Watasema binti yetu amelelewa kwa matope." Halafu akaingia chumbani, akainama.

Wageni walikunywa chai. Walikula wali. Walinawa mikono kabla na baada. Mzee mmoja alikizungusha kikombe chake mara kwa mara, akaonja tena, akasema kwa adabu kubwa, "Chai yenu ni nzuri, mama, rakini ni kama imesahau kitu."

Mama akaongeza sukari. Akaongeza majani. Chai ikaendelea kusahau. Walipoondoka, mambo ya dada yalikuwa yamekaa vizuri, na dumu lilikuwa limebaki na mate.

Jioni baba aliinama chini ya kitanda, akakaa huko muda mrefu kuliko sala.

"Mama watoto. Hili dumu limekuwa jepesi."

"Si wewe ulisema ni maji safi kuliko yote?"

"Ni ya betri!"

"Na wakwe je? Ningewapa yale ya chura? Betri zako zilikuwa zinakuja kuoa hapa?"

Baba akalitikisa dumu tena. Ungemwonea huruma, kama ungeweza kuacha kucheka. Mimi sikuweza, nikatolewa nje.

Kesho yake alirudi kutoka kazini amenyauka. Mkaguzi wa redio za viwanja vyote alikuwa anakuja kwa ndege kutoka Nairobi, mwanzoni mwa wiki iliyofuata, na redio ilipaswa kumpokea angali hewani. Joto lilikuwa limekausha betri mpaka sahani za ndani zimeanza kuchungulia juu ya asidi. Dumu jingine lilikuwa safarini, lakini treni lilimopakiwa ingefika baada ya mkaguzi kuondoka. Mhindi wa gereji alikuwa amemaliza yake, akingoja treni hiyohiyo. Hospitali walisema ya kwao ni ya sindano, na kwamba betri haijawahi kuugua malaria. Baba akajaribu mwenyewe kwa birika la mama, akiukinga mvuke kwa sahani. Alipata maji ya kujaza kijiko na akaliunguza birika.

Nikasema, "Baba, si kuna mtu wa ukoo wetu anayefanya kazi hiyohiyo?"

Alinitazama kwa macho ambayo yangeweza kutoboa suruali.

Alijua ninamsema nani. Senge, yaani dada yake mkubwa, aliishi Kamukuywa, karibu na njia ya kanisa la ushemasi wa baba, na alikuwa akipika chang'aa, pombe kali ya mvuke iliyopigwa marufuku, ambayo watu walishuka mpaka kutoka Cheptais kuifuata. Baba alikuwa amesimama mbele ya kanisa zima akamtaja dada yake mwenyewe kuwa mtenda dhambi. Akafutwa ushirika. Senge hakulia. Alichofanya ni kusogeza kibanda chake karibu zaidi na njia. Tangu hapo ndugu hao wawili walisalimiana kupitia kwangu.

Baba alizunguka nyumba, halafu akaniita kando. "Chukua dumu. Panda lori la mahindi mpaka kwa senge yako. Mwambie ni shule yenu inataka maji ya namna hiyo, kwa masomo ya sayansi."

"Shemasi, huo si uongo?"

"Ni kweli iliyovaa koti. Nenda."

Nilimkuta Senge akipepeta ulezi. "Mulembe, senge." "Mulembe, mwana wa ndugu yangu. Mama hajambo? Na yule mtakatifu?" Nikatoa hadithi ya shule. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupepeta.

"Shule yenu imefungwa," alisema. "Na hilo dumu nimesikia habari zake mpaka hapa sokoni. Sema."

Nikasema yote: wakwe, chai, mkaguzi, na kwamba baba atafukuzwa tukalale kwa baba wadogo. Alicheka mpaka ungo ukamwagika. Akajifuta macho, akawa mkali ghafla.

"Mwambie ndugu yangu sipiki kwa kutumiwa mtoto. Aje mwenyewe. Aje Jumapili mchana. Akae hapa mbele, si kule nyuma kwenye migomba, na kuni achochee kwa mkono wake. Nikitaka kujificha ningejificha kwa selikali. Kwake sijifichi."

Nilipompelekea baba ujumbe huo, alisukuma sahani yake kando, hata mama akamletea dawa ya tumbo. Kupoteza jina kule, au kupoteza kazi huku. Hatimaye alivaa suruali ya kanisani.

Jumapili tulikuwa Kamukuywa. Mtambo wa Senge haukuwa wa kutisha: pipa dogo la bati juu ya mafiga, ndani yake bakuli lililowekwa juu ya jiwe, na juu ya yote karai la maji baridi, huku ukingo umezibwa kwa udongo na jivu. Mvuke unapanda, unagonga tako la karai, unatona bakulini. Karai likipata joto, unabadilisha maji. Tofauti na siku nyingine ni kwamba pipani palikuwa na maji ya mto tu.

"Umelisugua?" baba akauliza.

"Unaniuliza kama nimeosha chombo changu?"

"Betri hazitaki pombe, dada."

"Basi zina akili kuliko waumini wako. Chochea."

Akachochea. Maji ya kwanza Senge aliyanusa, akasema bado yana ukumbusho wa Ijumaa, akayamwaga. Ya pili akayamwaga. Baba aliguna kila yalipomwagwa, maana jua lilikuwa linasogea, na watu wa kanisani walikuwa wanakaribia kutoka. Nilimwomba Mungu ibada iwe fupi ili niwaone wapitaji mapema. Naona nilikuwa na imani kuliko siku zote.

Wakaja. Kina mama kwanza, wakapunguza mwendo. Halafu watoto, wakasimama kabisa. Halafu wazee wa kanisa, na mbele yao yule mzee mwenye kofia ya kukinga jua aliyekuwa ameandika jina la Senge katika orodha ya waliofutwa. Walimkuta shemasi wao amepiga magoti mbele ya mtambo, macho mekundu kwa moshi, anapuliza.

"Shemasi," alisema mzee. "Nini hii?"

"Ni maji, mzee."

"Maji."

"Ya betri. Ya uwanja wa ndege. Ni kazi ya serikali."

"Hata wao wengine wanasema hivyohivyo wakikamatwa. Ati ni dawa ya ng'ombe, ati ni ya kikohozi."

Watu wakacheka. Senge aliinuka. Alichota bakulini kwa kikombe cha bati, akampa mzee kwa mikono miwili na kupiga goti, kama mwanamke aliyelelewa vizuri. "Onja, mzee. Wewe ndiye wa kutuamulia."

Mzee hakuweza kukataa mbele ya watu. Alikunywa. Alimeza, akafumba macho, akangoja. Ilionekana kuna kitu alikuwa anakingoja kimfikie kifuani. Hakikufika. Akajaribu tena, funda kubwa zaidi, akangoja tena.

"Hii si yenyewe," alisema.

Watoto wakaacha kusukumana. Hata moto nahisi ulisita.

"Si yenyewe gani, mzee?" akauliza Senge, kwa upole wa kutisha.

Mzee alitazama kikombe. Alitazama kofia yake, ambayo alikuwa ameivua bila kujua. Mama mmoja nyuma yake alitoa sauti kama ya bata, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kujizuia. Mzee alivaa kofia, akasema kwamba shemasi hana hatia, akaondoka kwa mwendo ambao sijapata kuuona kwa mtu mwenye ugonjwa wa magoti.

Baba peke yake hakucheka. Alikuwa anachochea. Senge alimtazama, akaenda akachukua ukuni upande wa pili, wakachochea wote wawili. Hawakuacha mpaka dumu likajaa hadi shingoni.

Turudi Kitale. Baba alizinywesha betri, akaifanya ile mashine mtoro ikae darasani mchana kutwa, na asubuhi ya mkaguzi kile kitu ndani ya kibomba chake kilielea vizuri. Mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kufukuza ng'ombe uwanjani pamoja na wakata nyasi. Tulipowaondoa wote, nikaja kusimama dirishani pa kibanda.

Mzungu alivaa visikizio, akaita. Taa ya redio iliwaka, sindano ikanyanyuka. Akaita tena. Hakujibiwa. Aligeuza vitufe, akaita, akapiga meza. Mawingu yalikuwa yamenuna.

"Betri!"

"Bwana."

"Redio nakufa! Wewe natia maji gani?"

Hapo baba angeweza kusema uongo. Akasema, "Maji ya mvuke, bwana. Nguvu iko. Mimi napima."

"Iko wapi? Mtu naita, hapana jibu! Mimi nasema kila siku, hapana tia maji ya mto! Kwisha kazi. Toka. Leo leo toka na nyumba!"

Baba alisimama, kibomba mkononi. Ukimwona mtu anafukuzwa kwa kosa alilolifanya, unaweza kupata la kumtania. Huyu alikuwa anafukuzwa kwa kosa alilokuwa amejidhalilisha hadharani ili asilifanye, na mimi, mara ya kwanza maishani, sikuwa na mzaha. Aliweka kibomba mahali pake. Alipangusa betri ya mwisho, ambayo haikuwa na vumbi. Akatoka.

Hakufika mbali. Tulisikia ngurumo upande wa Eldoret, na ndege ikatokea chini sana, ikapita juu ya vichwa vyetu, ikazunguka kuitazama soksi, ikapita tena kuhakikisha ng'ombe hawapo, halafu ikashuka ikirukaruka kwenye nyasi. Rubani aliteremka kabla mkaguzi hajafungua mkanda. Alikuja akikimbia, akinyoosha mikono. Kiingereza changu cha shule kilitosha kumwelewa: anaomba radhi, redio ya ndege imekufa angani kabla hawajafika Eldoret, hawasikii wala hawasikiki, betri yao imechemka mpaka ikakauka.

Mzungu wetu alisikiliza. Uso wake ulipita katika rangi kadhaa. Kisha akageuka, akamwona baba bado yuko njiani.

"Betri," alisema. "Wewe nafanya nini huko? Kuja kazi."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kuomba msamaha, na baba akalipokea kama lilivyo.

Mkaguzi aliingia. Alikuwa mwembamba, asiyependa maneno. Alivuta kibomba cha baba katika kila betri, akakiinua kwenye mwanga, akanusa kifuniko kimoja. Nilishika ukingo wa dirisha. Akanusa tena, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema ni betri safi kuliko alizoziona tangu aanze safari, na akauliza haya maji mnayapata wapi.

"Nairobi," alijibu mzungu wetu bila kupepesa.

Baba alikuwa pale pale. Nilimtazama midomo. Haikusogea.

Ikabaki shida ya ndege. Rubani aliuliza kama tuna maji ya ziada, na baba akakimbia nyumbani akarudi na dumu. Alijaza betri ya ndege kwa faneli, taratibu, akikinga kila tone kwa kitambaa, halafu wakaiunga kwenye mashine ipate nguvu wakati mkaguzi anakula chakula cha mchana. Mashine haikukohoa hata mara moja. Nadhani nayo ilikuwa inaogopa.

Ndege ilipopaa, redio yetu na redio yao zilisalimiana kwa furaha kama wakwe. Mzungu alicheka na mawingu. Baba alitoka akasimama kando ya uwanja, mkono juu ya macho, akaisindikiza ndege mpaka ikawa kama inzi, ikielekea Nairobi.

"Dada yangu anapanda ndege," alisema taratibu.

Halafu akagundua kwamba nimesikia, akanituma nikalete petroli.